Herufi Kumi na Sita

Tarehe 3 Machi

Mzazi mwenzangu,

Watoto wetu wawili walifariki mwezi wa Agosti, miaka ishirini na saba iliyopita. Bosi wetu Jumatatu, dada yake Kasuku Ijumaa ya wiki hiyo hiyo. Surua. Naanza na hilo kabla ya salamu kwa sababu nikianza na salamu utasoma salamu tu, barua utaikunja.

Sasa salamu. Hujambo? Mgongo unaendeleaje, na ile dawa ya kuchua umeshaipata? Mimi mzima, isipokuwa magoti, maana nusu ya maisha yangu nimesimama mbele ya mashine za kuchapa. Binti yetu hajambo. Anapunguza kula kwa ajili ya gauni, halafu saa tisa alasiri anakuja dukani kwangu kunimalizia chakula.

Nakuandikia barua kwa sababu simu haitufai. Kila nikiwataja wale wawili mtandao wako unakatika. Ajabu ya mtandao huo, nikitaja mpira unarudi.

Maneno ya kadi uliyoyatuma nimeyapata. Uliomba kuyaandika mwenyewe kama baba, nikakubali, nikasema haki yako. Umeandika: "Tunayo furaha kukualika kwenye harusi ya binti yetu wa pekee." Nilisoma, nikavua miwani nikaifuta, nikasoma tena. Wa pekee! Na Kasuku alikuwa nani, paka wa jirani?

Halafu ukanitumia mimi niichape. Mimi, ambaye enzi zile mchana nilikunja karatasi kwenye kiwanda cha mtu na jioni nikakata kadi zangu mwenyewe juu ya meza ya chakula, huku Kasuku akiwa chini ya meza anaokota mabaki na kurudia mwisho wa kila neno langu, na Bosi akizunguka na mikono nyuma, miaka minne tu, anakagua. "Hii mbaya, mama. Rudia." Na kweli ilikuwa imekatwa upande. Kazi hii ilianzia miguuni kwao. Leo nina mashine mbili na wafanyakazi watatu, na hakuna aliyenishika mkono kufika hapa.

Mashine hizo zimechapa kila aina ya uongo. "Bei poa kuliko wote." "Hatuna tawi lingine." "Mgombea mwadilifu." Sijawahi kurudisha kazi ya mteja. Hii nairudisha.

Sina ugomvi na ukumbi, wala na wageni wako, wala na huyo binamu yako unayetaka awe mshereheshaji na hajui kunyamaza. Nataka neno moja litoke. Niandikie unakubali, nimalize bamba la kuchapia.

Mimi,
Mama watoto


Tarehe 17 Machi

Mama bibi harusi,

Salamu nyingi kutoka huku. Mgongo haujambo. Unauma ninapoinama na ninaposimama, hapo katikati uko sawa kabisa. Dawa nimeipata, inanuka kiasi kwamba nikiingia kwenye lifti watu wanaamua kupanda ngazi. Magoti yako yape pole. Ungekuwa unakaa japo kidogo, una wafanyakazi watatu wa kazi gani?

Barua yako imefika na makali yake yote, kama imepitia kwenye kile kisu chako cha karatasi. Nimeisoma kwenye chumba cha mitambo ya lifti, juu kabisa ya jengo, ambako hakuna anayenitafuta lifti zikiwa nzima.

Sasa nisikilize bila kukunja uso. Umelisoma neno vibaya. "Wa pekee" si lazima iwe hakuna mwingine. Ni wa aina yake, asiye na mfano. Si tunasema mtu fulani ana kipaji cha pekee? Hivyo ndivyo nilivyomaanisha, namsifu mtoto. Tena nimeandika "binti", na Bosi alikuwa mvulana. Yeye neno halimgusi.

Na hata kama ningemaanisha ulivyoelewa wewe, harusi ni harusi. Watu wanakuja kula, kucheka na kusema gauni limebana. Mambo mengine yana siku yake. Upande wa bwana harusi hawajui kwamba tuliwahi kuzika. Mimi ndiye nitakayesimama mlangoni kuwapokea, si wewe, wewe utakuwa ndani unagombana na wapambaji. Wataniuliza mimi. Tuwaache wale wawili wapumzike, na sisi tupumzike.

Binamu yangu nimemwambia atumie dakika tano. Amesema dakika tano ni za kusalimia.

Nakuomba kwa amani, chapa kama nilivyoandika.

Wako,
Baba bibi harusi


Tarehe 24 Machi

Mzazi mwenzangu,

Hali yako? Ubarikiwe kwa kunijali magoti. Mimi nimekasirika lakini nina afya.

Wa aina yake! Hilo ulilifikiria ukiwa kwenye chumba cha mitambo au lilikupiga kichwani ukiinuka? Mimi naishi kwa maneno, bwana. Nikimchapia mtu bango la "mlango wa pekee wa kuingilia", hakuna mgeni anayesimama kuushangaa mlango kwa uzuri wake. Anaelewa asihangaike kutafuta mwingine. Wewe unaweza kulielezea neno lako kwa sauti ukiwa umeinua nyusi. Likishachapwa halina nyusi.

Na hiyo hesabu yako ya binti na mvulana nimeipiga upya. Kwa hesabu hiyo Kasuku umemfuta, na Bosi umempita pembeni kama mtu anayekudai. Hapo pa kujivunia ni wapi?

Nikuambie jambo ambalo sijawahi kukuambia. Wiki ya pili baada ya kuwazika nilirudi kutoka kiwandani nikakuta kitanda chao hakipo. Umekifungua ubao kwa ubao, ukaufunga mzigo vizuri kwa kamba, ukawapa watu. Ukaniambia chumba kinahitaji hewa. Nilijiambia kila mtu ana namna yake ya kulia, na ya huyu ni bisibisi. Nilinyamaza siku ile, nikanyamaza ulipoacha kuwataja, nikanyamaza hata tulipoachana na kila jirani akauliza tumegombania nini. Hatukugombania kitu. Tulikuwa watu wawili ndani ya nyumba moja, mmoja anataka kuongea na mwingine anatafuta cha kukaza skrubu.

Lakini kitanda ni mbao. Kadi ya harusi watu wanaiweka. Iko kwenye makabati, kwenye albamu, nyuma ya kioo. Siku moja wajukuu wetu wataishika na kusoma kwamba mama yao alikuwa wa pekee, na chini yake kuna jina langu kama mtu aliyethibitisha. Hapana.

Sasa usiogope. Sikuombi tangazo la msiba kwenye kadi ya harusi. Biashara hii naijua, hakuna anayetaka kulia kabla ya kuvaa viatu. Neno nimelipata mwenyewe jana nikisafisha wino vidoleni. Kitinda mimba. "Tunayo furaha kukualika kwenye harusi ya kitinda mimba wetu." Ni kweli, yeye ndiye wa mwisho. Asiyejua atasoma na kupita aende kuangalia ukumbi uko wapi. Anayejua ataona kwamba kuna waliotangulia, na kwamba wazazi wao hawajawasahau. Basi. Hakuna jina, hakuna tarehe, hakuna chozi.

Na kuna uzuri mwingine ambao ni wa wapiga chapa tu. "Binti yetu wa pekee" ni herufi kumi na sita, hesabu. "Kitinda mimba wetu" ni herufi kumi na sita, hesabu tena. Mstari wala hausogei. Hao wawili hawachukui nafasi ya mtu yeyote.

Nijibu upesi. Harusi ni tarehe 14 Juni na kadi hazijiandiki.

Mama watoto


Tarehe 2 Mei

Mama bibi harusi,

Salamu zangu zimechelewa, zipokee hivyo hivyo. Natumaini magoti yamepoa na kazi zinakwenda. Mimi sikuwa mgonjwa. Wala ile lifti ya jengo refu haikuharibika kiasi nilichomwambia binti yetu kwenye simu. Nilikuwa naandika, nachana, naandika.

Herufi nimezihesabu. Kumi na sita, kweli. Nilihesabu kwa kidole nikitegemea umekosea, wewe hujawahi kukosea hesabu tangu nikufahamu, inachosha.

Ngoja nikueleze jambo la huku. Watu huniongelesha ndani ya lifti. Mtu anaingia, anakuona na mkoba wa vifaa, anakusalimia. Anauliza kama una familia. Anauliza una watoto wangapi. Naye anashuka ghorofa ya tano. Niambie, kati ya ya pili na ya tano ningemweleza nini? Nikisema watatu atauliza wanafanya kazi gani. Mara ya kwanza nilisema mmoja. Akasema hongera, mlango ukafunguka, akatoka. Ilikuwa rahisi mno mpaka nikasahau kushuka. Mara ya pili ikawa rahisi zaidi. Siku hizi nasema mmoja hata kabla sijaulizwa.

Kwa hiyo nilipokaa kuandika ile kadi, mkono uliandika wenyewe. Sikukaa kitako kupanga kuwafuta. Nataka ulijue hilo.

Na usidhani sikumbuki. Wakati ule nilikuwa natoka kibaruani saa tisa, wewe bado uko kiwandani, yule mama wa chumba cha pili anawaangalia watoto kwetu. Nikifungua mlango nasema, "Nimerudi." Kasuku, unajua alivyokuwa anadaka mwisho wa neno la mtu, anapiga kelele kutoka ndani, "Rudi!" Basi natoka nje, nafunga mlango, nafungua tena. "Nimerudi." "Rudi!" Natoka tena. Anacheka mpaka anakaa chini. Siku moja yule mama akaniuliza kama kitasa kimeharibika aniitie fundi.

Tangu Ijumaa ile sijalitamka neno hilo nikiingia nyumbani. Ulikuwa ukinigombeza kwamba naingia kama mwizi. Ndiyo sababu. Ningesema nimerudi, halafu nani angejibu?

Neno lako ni zuri. Sina hoja ya kulipinga. Lakini nimejiona pale mlangoni, suti imenibana, mkwe, baba wa bwana harusi, ananishika mkono anauliza, "Kumbe huyu ni kitinda mimba, wakubwa zake wako wapi tuwasalimie?" Na hakuna lifti ya kufunguka mlango. Siwezi. Chapa unavyotaka, ila jina langu litoe. Acha kadi iwe yako peke yako. Mimi nitakuja, nitamshika mkono mtoto, nitakaa mahali.

Unisamehe.

Baba yake


Tarehe 11 Mei

Baba watoto,

Usishtuke kwa jina hilo, sikurudii. Nimeanza kukuita hivyo kwa sababu nyingine, utaiona.

Hujambo? Umekula? Nauliza kweli, maana mtu aliyeandika barua ile sidhani kama alipika. Mimi niko salama. Barua hii nimempa binti yetu aipige picha akutumie kwenye simu, usije ukasingizia posta.

Yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, na wewe unajua mimi sikai. Wafanyakazi walidhani mashine imekufa. Hilo la "rudi" sikulijua. Miaka yote hii nimekuwa najiona kwamba mimi ndiye ninayewatunza na wewe ndiye uliyewatupa. Kumbe una Kasuku ambaye mimi sijawahi kumwona, wa saa tisa alasiri, anayecheka mpaka anakaa chini. Nimefurahi hadi nikakasirika upya. Nilimzaa, nikamnyonyesha, halafu kuna kicheko chake umekaa nacho peke yako, unakipandisha na kukishusha kwenye majengo ya watu. Ungeniambia! Hata kwa kadi ya mistari miwili ungeniambia.

Basi nami nina wako. Unadhani majirani ndio waliompa Bosi jina lake. Alijipa mwenyewe. Unakumbuka siku ile ulipompeleka kwenye ujenzi, mlipokuwa mnajenga ghala? Alimwona msimamizi wenu akitembea na mikono nyuma. Aliporudi akaniuliza yule ni nani. Nikamwambia ni bosi wa baba, ndiye anayesema baba arudi nyumbani saa ngapi. Akatafakari wee. Kesho yake akaanza kutembea na mikono nyuma. Nikamuuliza, "Vipi, mzee?" Akasema, "Mimi ndiyo bosi. Baba arudi sasa hivi." Mikono ile watu waliyoicheka mtaa mzima ilikuwa kwa ajili yako. Dada yake analiita neno hilo mlangoni, yeye analisimamia kazini. Watoto wale walikuwa na shughuli moja tu, nayo ni kukurudisha wewe nyumbani.

Barua yako nimemsomea binti yetu. Usikasirike, ni yake pia. Alilia kidogo, akacheka pale kwenye kitasa, akataka nirudie hapo hapo. Wewe ulidhani unamficha. Tangu akiwa mdogo nilimwambia ana kaka na dada waliofariki kabla hajazaliwa, na alipokuwa darasa la kwanza mwalimu alipowataka wachore familia yao alichora watoto watatu. Mwalimu akaniita kuuliza. Nikasema picha iko sawa, mpe alama zake.

Nikamwonyesha na pale uliposema nilitoe jina lako. Hapo akavaa ile sura ya mama yako, unaijua. Akasema, "Mama, sitaki kadi ya mzazi mmoja. Mimi nilizaliwa na wawili." Nikamwambia basi amwambie baba yake mwenyewe. Akasema, "Mimi nikimwambia atalia, na nimempangia alie tarehe 14. Malizaneni wenyewe." Kwa hiyo kadi haitoki na jina langu peke yangu, na haitoki na neno ambalo mmoja wetu hawezi kusimama nalo mlangoni. Hayo ni maagizo ya mteja.

Sasa tuje kwenye lifti yako. Nimeipigia hesabu. "Mmoja" ina herufi tano. "Watatu" ina herufi sita. Katika safari zote hizo za kupanda na kushuka umeokoa herufi moja. Mimi huulizwa swali hilo hilo kila siku, wateja wa kadi ni watu wa kuuliza. Nasema, "Watatu. Wawili nimezika, mmoja anaolewa." Inatosha kabisa kabla ya ghorofa ya tano. Wengi wanasema pole, halafu wanasema hongera, halafu wanaomba nipunguze bei. Hakuna aliyewahi kuanguka. Na mara nyingine mtu anaweka mkoba chini, ananiambia, mimi pia ninaye mmoja. Ungeshangaa ni wangapi. Huenda na huyo mkwe unayemwogopa anatembea na wake mfukoni, anasubiri mtu amuulize.

Hutasimama mlangoni peke yako. Wapambaji watajigombanisha wenyewe siku hiyo. Nitakuwa kulia kwako, na likija swali likikushinda nitalijibu mimi, wewe utikise kichwa tu. Kutikisa kichwa utaweza.

Kazi iliyobaki ni hii. Bamba liko tayari. Jina lako liko juu, langu chini yake, ukumbi, tarehe, saa, kila kitu kimekaa mahali pake. Katikati nimeacha nafasi tupu ya herufi kumi na sita. Karatasi imekatwa, haikukatwa upande, nimeikagua na mikono nyuma. Alhamisi hii saa kumi jioni natia wino, kwa sababu Ijumaa mashine ina kazi ya shule na sitaisogeza kwa ajili ya mtu yeyote, hata wewe.

Usinipigie simu, mtandao wako naujua. Usiniandikie barua nyingine ya kunieleza neno lina maana ngapi. Nataka ujumbe mmoja, neno moja, ulifikirie ukiwa popote unapofikiria. Ukijibu mmoja, nitachapa ulivyoandika mwanzo na sitalitaja tena hadi nife, ila jina langu ndilo litakaloondolewa, na binti yetu utamweleza wewe. Ukijibu vingine, nitajua cha kuweka pale katikati.

Alhamisi, kabla ya saa kumi, baba watoto, nijibu: una watoto wangapi?

Mama watoto